Tripodi ndogo ya miguu ya kupinda au stendi ndefu? Ulinganisho kwa wapiga picha wa Mwanza

Kirumba_Kamera
Mwangaluka wakuu. Nina kamera ya Canon 4000D na lenzi yake ya 18-55, pamoja na simu. Sipigi picha za kulipwa. Napiga jioni nikitoka kazini: Jiwe la Bismarck (ule mwamba wa ziwani), mwaloni Kirumba (soko la samaki ufukweni), watoto nyumbani. Nataka kitu cha kushikilia kamera giza linapoingia, kwa sababu jua letu likishazama ziwani, mwanga mzuri haumalizi nusu saa. Naona njia tatu: tripodi ndogo ya miguu inayopinda (ile ya kuzungushia kwenye chuma au tawi), stendi ndefu nyepesi ya aluminiamu, au tripodi ya mezani yenye miguu migumu. Hela inatosha kimoja. Usafiri wangu ni daladala na bodaboda. Mnanishauri nini?

Igoma_Picha
Mkuu, kwa mizunguko hiyo chukua inayopinda, ila itazame vizuri kabla ya kulipa, maana madukani kuna aina mbili. Ya kwanza ni waya uliovikwa sponji. Waya ukipindwa sehemu ileile kila siku unachoka na kukatikia ndani, na sponji inakuficha usione. Hiyo iachie simu.

Aina ya pili ni vipingili vya plastiki ngumu vilivyochomekana kama uti wa mgongo wa sangara, kila kimoja kinazunguka ndani ya mwenzake. Joby wa Marekani ndio walioivumisha kwa GorillaPod yao, na wengi wameiga. Kwa Joby namba inakuambia uzito: 1K inabeba kilo 1, 3K kilo 3, 5K kilo 5. Kamera yako na hiyo lenzi haifiki gramu 700, kwa hiyo kwa hesabu tu 1K inatosha. Mimi nakwambia chukua 3K au inayolingana nayo. Ukiinamisha kamera, au ukiifunga ubavuni mwa nguzo, uzito wote unaelemea upande mmoja na vipingili vinaanza kulegea taratibu. Kwa macho huoni kitu kinasogea, lakini picha inayochukua mwanga kwa sekunde 10 inatoka imevurugika.

Halafu fikiria nyumbani. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani. Mguu mmoja zungushia nondo ya juu, wa pili nondo ya pembeni, wa tatu ukandamize ukutani, na kamera imekaa usawa wa kifua chako. Geti, tawi la mwembe, kiti cha plastiki, vyote vinakuwa stendi.

DadaNyegezi
Kaka Igoma, kwa nondo nakubali, lakini watoto hawakai dirishani siku zote. Uwanjani pasipo na cha kushikia, hiyo tripodi inakaa chini na kamera iko sentimita 30 kutoka ardhini. Picha ya mtu mzima kutoka huko ni pua na kidevu. Mimi napiga familia na kina mama wa kikundi chetu, na stendi ndefu ndiyo inayonifikisha usawa wa macho. Ubaya wake naujua: zile nyepesi zinatikiswa na upepo wa ziwani. Dawa ni kutopandisha nguzo ya katikati na kuning'iniza mkoba chini yake, uguse ardhi kidogo ili usibembee.

Hiyo ya mezani yenye miguu migumu kwa kweli sioni pa kuiweka Mwanza, labda mezani.

Capri_Machweo
Dada, kwa watu uko sahihi. Ila mwenzetu ametaja Bismarck, na mimi nazungumzia mawe tu. Miamba ya pale ufukweni ni ya mviringo na karibu na maji inateleza. Stendi ndefu inataka sehemu tatu za kukanyaga, na kila jiwe lina mteremko wake. Miguu inayopinda unaichomeka kwenye ufa kati ya mawe mawili, unaikunja ifuate jiwe, basi. Na hapo kuwa chini ni faida: jiwe lenye maji linajaa mbele ya picha, Bismarck inakaa nyuma, jua linashuka katikati.

Mipangilio yangu kwa jioni hizo: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/11 (tundu la lenzi likiwa dogo), shata (muda wa kupokea mwanga) nusu sekunde hadi sekunde 2, maji yanalainika bila kuwa ukungu mtupu. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Lenzi ikiwa na kitufe cha STABILIZER (cha kutuliza mtikisiko wa mkono), kizime. Na mkanda wa kamera ufunge mahali penye uhakika kabla hujaachia mkono. Upepo wa ziwa hauleti taarifa.

Sengerema_Kwetu
Vipi nikiifunga kwenye reli ya kivuko cha Kamanga? Nataka taa za mji usiku.

Igoma_Picha
Kwa picha za shata ndefu usihangaike. Injini inatetemesha chuma, chuma kinatetemesha tripodi, na kivuko chenyewe kinatembea. Mwili wako unapunguza mtetemo kuliko reli. Shika kwa mkono, fungua tundu la lenzi zaidi, pandisha ISO. Hilo ni kwa tripodi yoyote, ndefu au fupi.

Hata taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza la mwezi: ukisimama nchi kavu tripodi yako imetulia, lakini mitumbwi inayumba. Shata ya sekunde 20 inakupa michirizi. Wengine wanaipenda. Ukitaka nukta safi, shuka hadi sekunde 1 au 2 na uongeze ISO.

Buzuruga_Simu
Msisahau simu. Nunua kishikizo chenye tundu la skrubu ya robo inchi, ile ile inayoingia kwenye kamera, tripodi moja itumikie vyote. iPhone zenye Night mode (hali ya kupiga usiku) zikihisi zimetulia kabisa zinaweza kukupa hadi sekunde 30, muda ambao mkononi hazikuruhusu. Pixel (simu za Google) kuanzia ya 4 zina hali ya kupiga nyota inayofika dakika 4.

Kirumba_Kamera
Nashukuru sana wakuu. Nakwenda na ya vipingili, inayobeba kilo 3. Dada Nyegezi, watoto bado wafupi, kwa hiyo kamera kuwa chini kwao ni sawa, na nondo zipo. Swali la mwisho: mchanga wa mwaloni ukiingia kwenye vipingili nafanyaje? Fundi mmoja ameniambia nitie mafuta ya cherehani.

Capri_Machweo
Usitie mafuta hata tone. Kinachoshikilia vile vipingili ni msuguano. Ukivilainisha, kamera inainama yenyewe. Pangusa kwa kitambaa kikavu, tumia mswaki wa zamani kwenye maungio. Kipingili kikichomoka usishtuke, elekeza kichwa kwenye tundu lake, sukuma kwa nguvu mpaka usikie kinaingia.