Msaada: zizi zinaoza mizizi, trikoderma kipimo gani kwa chungu kimoja?

Kijani Kibichi: Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini, Isevya, nauza maua ya vyunguni. Nina zizi za mteja, zile zamiokulkasi zenye majani ya kung'aa, mashina yanalegea kwa chini, majani yanageuka njano, ukishika shina linachomoka lenyewe na udongo unanuka kama maji ya maharage yaliyolala. Nimesoma kuna fangasi mzuri anaitwa trikoderma, unammwaga kwenye udongo anakula wale fangasi wabaya. Swali langu ni moja tu, kipimo. Mteja ana shughuli wikiendi, kichwa kinaniuma. Naomba kuwasilisha.

Ngoja Waje: Ngoja wataalamu waje, nimeshavuta kiti.

Mzee wa Tumbaku: Mimi niko Urambo. Jirani yangu kitalu chake cha tumbaku kilibanana, anamwagilia asubuhi na jioni, miche ikaanza kuoza shingo inalala chini. Alimwaga kila dawa. Kilichosaidia ni kupunguza maji na kung'oa miche ili hewa ipite. Ila tumbaku yenyewe siku hizi mwaka kucha unahangaika, mimi nimehamia kwenye mizinga ya nyuki na sirudi.

Binti Cheyo: Kijani, vyungu vina matundu?

Kijani Kibichi: Ni vyungu vizuri tu dada, vya kisasa.

Binti Cheyo: Sijauliza uzuri. Maji yanatokea wapi?

Kijani Kibichi: Havina matundu. Ni vya kauri, mteja kachagua mwenyewe hataki maji yachuruzike kwenye kapeti lake. Lakini chini nimeweka kokoto, maji yanakaa huko. Na dawa nishalipia inakuja na basi kutoka Dar, halafu juzi nilitangulia kumwagia kabendazimu, ile dawa ya kuua fangasi, ili kuwapunguza nguvu hao wabaya. Kwa hiyo sioni shida iko wapi, nipeni kipimo tu.

Binti Cheyo: Shida ndo hiyo hiyo. Kokoto hazinyonyi maji kutoka kwenye udongo, udongo unabaki umelowa juu ya kokoto na mizizi inakosa hewa. Trikoderma naye anataka hewa, kwenye tope hafanyi kazi. Na kabendazimu haichagui, inaua na fangasi mzuri, yaani mgeni hajafika ushamtegea sumu. Tena kama muozo ni wa pithiamu, wale vimelea wanaoogelea kwenye maji, kabendazimu haiwagusi kabisa. Trikoderma ni mlinzi, anakaa kwenye mzizi mzima ili adui asiingie. Mzizi ukishaoza haufufuki.

Sauti ya Nyikani: Kijana mwambie mteja ukweli mapema. Riziki anatoa Mungu, hela ya kuficha haina baraka.

Geti Jeusi: Wakuu amkeni, hii chai. Jina la dawa lipo, kipimo ndo kinaulizwa, kesho anakuja mwenzake na namba ya simu ya kuagizia. Zizi ni mmea wa huku huku Afrika Mashariki, chini una viazi vinavyotunza maji, ukiusahau mwezi mzima haufi, sasa kwa ukame huu wa Tabora unaozaje? Picha iko wapi?

Ngoja Waje: Chai ya tangawizi kabisa hii.

Kijani Kibichi: Nimetaja duka gani? Nimetaja bei? Mimi naogopa kupoteza mteja wewe unaniita tapeli. Picha hiyo hapo, nimemwaga chungu kimoja chini sasa hivi.

Geti Jeusi: Sawa, nimeona. Lakini bado nawaangalia.

Binti Cheyo: Kwenye picha yako mizizi ya kushoto ni kahawia, ukiivuta ngozi inavuka kinabaki kiuzi, hiyo kata yote. Kiazi cha kulia naona bado kigumu. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Tumia kisu kisafi, kata mpaka uone nyama safi, kiache kivulini kikauke kidonda, udongo wa zamani tupa. Changanya udongo mpya na mchanga mkubwa na pumba za mpunga, panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu halafu ulidumbukize ndani ya kauri, siku ya kumwagilia unalitoa. Trikoderma weka hapo kwenye udongo mpya, kipimo fuata pakiti yako, ila maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi kwanza klorini ipungue, na fanya jioni, jua linamuua trikoderma. Majani mazima usitupe, yachomeke mchangani, yanatoa viazi ingawa yanachukua miezi.

Kijani Kibichi: Kwa hiyo za wikiendi hazipo.

Binti Cheyo: Hazipo. Mpigie leo.

Mzee wa Tumbaku: Pumba usinunue, nenda mashineni wanakupa bure.

Kijani Kibichi: Mteja nampigia. Mzigo wangu stendi nauchukua vile vile, hela imeshatoka. Kopo la lita mbili linatosha kiazi kimoja?

Binti Cheyo: Linatosha. Usiweke kubwa zaidi, udongo ukizidi unachelewa kukauka.