Naomba msaada: nawezaje kuruka season ya 8 ya ER bila mama kushtukia?

Kitindamimba wa Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, matusi leo siyapokei.

Kaka yetu aliyeko Marekani alituma kasha la DVD za ER, ile tamthilia ya hospitali ya Chicago, season zote 15. Mama amezivaa kweli kweli. Akishaosha vyombo anakaa na rimoti yake, na wote anawajua kwa majina: Carter, Benton, Carol, Dk Ross ambaye ni George Clooney kabla hajaota mvi. Anayempenda kuliko wote ni Dk Mark Greene. Anamwita "mkwe wangu", na mimi ndiye binti pekee ambaye hajaolewa, kwa hiyo mnaelewa.

Waliowahi kuiangalia wanajua season ya 8 kuna jambo linampata Greene. Sitaki mama alione. Kuna namna ya kumvusha mpaka ya 9 asishtuke? Nimeshamwambia diski za 8 zina mikwaruzo, ila naona hajakubali. Nawasilisha.

Mkaa Kijiweni
Mtu aliyeangalia ya 6 na ya 7 umwekee ya 9, asihesabu? Nipo pale nimekaa, kahawa iko jikoni.

Fundi Deki
Tuanze na ufundi. Diski za DVD hufungiwa kwa eneo la dunia, wanaita region, na kasha la Marekani ni region 1. Sehemu kubwa ya Afrika iko region 5, pamoja na Urusi na India. Deki inayofuata sheria ingezikataa hizo diski siku ya kwanza, kwa hiyo hapo una deki ya Kichina isiyobagua. Itunze.

Pili, usije ukazikwaruza kweli ili uongo ukae sawa. Deki itahangaika kusoma, itaganda, na lenzi itachoka bure. Tafuta kompyuta yenye tundu la DVD, nakili, kata vipande usivyovitaka, choma diski mpya. Njoo PM tuelewane bei.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, mwache mama aangalie. Mimi marehemu mume wangu alikuwa na tamthilia yake ya Kifilipino, shemeji mmoja mle ndani alipofungwa jela kwa kusingiziwa, baba wa watu hakula chakula cha usiku. Asubuhi ananiuliza kama kuna mawakili kule. Walimtoa yule bwana baadaye, tukachinja kuku. Starehe ya mtu mzima ndogo, msimkatishe.

Nairobi Juu
River Road tulikuwa tunapata season nzima kwenye disc moja, picha kama imepigwa ukiwa ndani ya gunia. Hapo unapata kasha original na bado unalia. Wacheni hizo.

Daktari wa Zamu
Mimi ER niliiangalia nikiwa mwanafunzi. Onyo la jumla: tamthilia za hospitali hudanganya kwenye kufufua watu. Mwaka 1996 kuna utafiti ulitoka kwenye New England Journal of Medicine, waliangalia ER na vipindi vingine viwili. Waliofanyiwa CPR mle, yaani kukandamizwa kifua moyo ukisimama, 75% moyo ulirudi, na 67% walionekana watafika nyumbani. Wodini kwetu ungeona namba hizo ungeimba. Na ule mtindo wa kupiga shoti mstari ukishanyooka ni wa kwenye televisheni. Mstari ulionyooka hatupigi shoti, tunakandamiza kifua na kuchoma adrenalini.

Ila dada, nina swali. Mpaka season ya 8 mama ameshaona watu wangapi wakifia mle? Kwa nini huyu mmoja ndiye unamficha?

Kitindamimba wa Kihonda
Ni mwepesi wa kulia tu. Na ana presha. Mkuu Fundi, nimekuja PM.

Mnyalu Halisi
Kwa faida ya wasioijua: Greene anapata uvimbe kwenye ubongo, glioblastoma. Unagundulika season ya 7, anaenda New York kupasuliwa, anarudi kazini, season ya 8 unaibuka upya na safari hii hauponi. Anakwenda kufia Hawaii. Kwa hiyo mleta mada, ulitakiwa uanze kuficha ya 7. Mama yuko wapi sasa?

Kitindamimba wa Kihonda
Yuko ya 7.

Daktari wa Zamu
Mama ana presha, au mama ana kitu kingine?

Mkaa Kijiweni
Kahawa imechemka.

Kitindamimba wa Kihonda
Haya. Sikutaka kuyaleta hapa kwa sababu najua mtakavyoyageuza.

Mama amekuwa akiumwa kichwa, asubuhi zaidi. Halafu akaanza kupotelewa majina, kijiko anakiita "kile cha kunywea". Tulimpeleka hospitali kubwa Dar akapigwa MRI, ripoti nikapokea mimi. Kuna uvimbe. Tulifanya kikao sisi watoto, kaka kwa simu, tukakubaliana aambiwe ni sinus. Lengo asikate tamaa. Baba alipoambiwa lake hakufika hata miezi miwili, na tunaamini kilichomwondoa ni kauli ya daktari.

Juzi kwenye diski ile Greene anaongea, katikati ya sentensi maneno yanamkwama. Mama akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Ndiyo maana nauliza kuhusu season ya 8. Suala la kumwambia au kutomwambia sikuliuliza.

Mama Pendo
Pole sana mdogo wangu. Mungu ni mwema. Ila uongo kwa mzazi ni dhambi hata ukiuvalisha kanga mpya. Mwambieni, mwite mchungaji awepo.

Jirani Mwema
Msimwambie! Shangazi yangu aliambiwa ana kansa ya titi, akaacha hata kusuka nywele. Akili ikikubali ugonjwa, mwili unafuata. Big up dada, mko sahihi.

Daktari wa Zamu
Shangazi alikufa kwa kansa, Jirani. Nywele hazihusiki.

Dada, mama alikuwa anafanya kazi gani?

Kitindamimba wa Kihonda
Hilo lina umuhimu gani?

Daktari wa Zamu
Jibu tu.

Kitindamimba wa Kihonda
Muuguzi mstaafu. Lakini wa zahanati, mkunga. Amezalisha nusu ya tarafa, ubongo hajausoma.

Msema Kweli Mpenzi wa Mungu
Hapa ndipo nashuka kwenye gari. Wadau, HII NI CHAI. Nesi mstaafu analazwa kwenye ule mtungi unaogonga kama nyundo, kichwa kimebanwa, anatoka anaambiwa sinus, naye anaitikia asante? Halafu kwa bahati kaka anatuma tamthilia ambayo daktari ana ugonjwa huo huo? Mtunzi umejitahidi ila umezidisha iliki.

Nairobi Juu
Na nani ako na DVD player bado? Leta picha ya kasha.

Mnyalu Halisi
Mimi pia nimeanza kupata mashaka. Mwanzo presha, baadaye sinus, baadaye uvimbe, baadaye nesi. Kila tukibonyeza linatoka jipya. Kesho tutaambiwa mama mwenyewe ndiye anayeandika.

Kitindamimba wa Kihonda
Kasha lilikuja Pasaka, kabla hajaanza kuumwa. Kaka aliliokota kwenye duka la mitumba kwa bei ya bure kwa sababu kule hakuna anayetaka DVD tena. Angejua asingelituma.

Picha hiyo hapo chini, na rimoti iliyofungwa raba. Mmetaka kava la diski. Ripoti hakuna aliyeitaka.

Fundi Deki
Kava ni lenyewe. Hilo kasha nalijua, na kibandiko cha bei cha mtumba kipo. Chai ama si chai, deki ipo.

Ila nimeifikiria ile kazi. Season ya 8 ina episode 22. Ya 20 inasomwa barua ya kifo, ya 21 anakufa. Nikikata hizo mbili, ya 22 Greene hayupo. Mama anaingia ya 9 anamkuta Dk Corday, mke wa Greene, ni mjane. Itabidi nikate na mule, na bado watu wanamtaja kwenye maongezi. Na ya 7 nayo mshaianza. Hakuna kitu kitabaki zaidi ya muziki wa mwanzo.

Mtu wa Bukavu
Mumurushe mpaka mwisho wa season ya 9, Carter na Luka wako kwetu Kongo. Episode yenyewe inaitwa Kisangani, ya 2003. Mama atasahau Greene, atabaki anashangaa hospitali yetu.

Daktari wa Zamu
Mimi siijali chai. Kama ni ya kutunga, kuna mwingine anasoma na kwake ni kweli, kwa hiyo nauliza. Bingwa wa upasuaji alisemaje?

Kitindamimba wa Kihonda
Alisema afunguliwe, watoe wanachoweza kutoa na kinyama kiende maabara kijulikane ni aina gani. Tumesogeza tarehe mpaka Desemba kaka akija. Siyo kwamba tumekataa.

Daktari wa Zamu
Tarehe mmesogeza nyie au mama?

Kitindamimba wa Kihonda
Sisi. Yeye anajua anasubiri kliniki ya pua.

Daktari wa Zamu
Sikiliza. Hujui aina, na mimi sijui. Kuna uvimbe wa ubongo unaotolewa mtu akaishi akalea wajukuu, na kuna wa Greene. Mmeshaamua ni wa Greene kwa sababu ya baba yenu na kwa sababu ya diski. Maabara haijasema.

Na siku ya upasuaji kuna fomu ya ridhaa. Mama ana akili timamu, atawekewa mbele aisome na asaini mwenyewe. Mkunga mstaafu amewasainisha wangapi fomu za kwenda kupasuliwa? Imeandikwa kichwa, haijaandikwa pua. Utamwambia nayo ina mikwaruzo?

Msema Kweli Mpenzi wa Mungu
Daktari unahubiria hewa, huyu anakusanya kisa cha kwenda kuuza.

Bi Mkubwa wa Tanga
Ewe Msema Kweli, nyamaza kidogo. Mwanangu, aliposema rudisha tena, wewe ulimtazama usoni?

Kitindamimba wa Kihonda
Nilikuwa natazama rimoti.

Nimewaelewa, lakini jambo la kikao siwezi kulivunja peke yangu, mimi ndiye mdogo. Nitaongea na dada mkubwa kwanza. Fundi, kwani ukikata ya 7 tu, kile kipande cha maneno, inaweza kuwa shilingi ngapi?

Fundi Deki
Siikati. Hela yako kaa nayo.

Daktari wa Zamu
Dada mkubwa ndiye anayeumwa kichwa?