Mfereji wa jikoni unadondoka usiku kucha, ninunue mpya?

Mla Urojo: Asalaam alaykum wadau. Mfereji wangu unadondoka hata nikiufunga. Mchana tone mojamoja, usiku to-to-to. Jana niliweka ndoo ya lita 20 baada ya isha, alfajiri nikaikuta imefika nusu. Silali. Nimeona mpya Darajani, wa rangi ya dhahabu, elfu 65. Niuchukue?

Wa Wete: Bibi yangu alikuwa akiufunga kitambaa mdomoni, ncha inaning'inia mpaka ndani ya ndoo. Maji yanashuka na kitambaa kimyakimya. Mfereji ulivuja miaka na nyumba nzima tulilala.

Bi Mchele: Elfu 65 na wenzio wanabeba madumu! Chuoni hatukufunzwa kuwa hata ukitia udhu mtoni usiisirafu maji?

Spana 17: Tuacheni dhahabu. Unavuja wapi? Mdomoni ukiwa umefungwa, ni raba imekwisha au kikalio chake, pale raba inapokalia, kimeliwa. Shingoni ukiufungua, ni oringi, ile pete ya mpira. Ukutani, ni ile tepu nyeupe. Ukiwa wa kunyanyua hauna raba, una katriji, kile kidude cha ndani kinachofunga maji. Na nani aliufungua mara ya mwisho?

Mla Urojo: Wa kuzungusha, unavuja mdomoni. Nani aliufungua haihusu.

Spana 17: Inahusu sana.

Mla Urojo: Haya, mie. Raba ililiwa, ilikuwa usiku, maduka yamefungwa. Nikakata kipande cha kandambili. Wangapi wanafanya! Ukatulia siku tatu. Ulipoanza tena nikawa naukaza kwa plaizi. Lakini dukani nimeshatanguliza elfu 20, kwa hiyo naona bora niendelee tu.

Karafuu Mbichi: Kandambili za nani?

Mla Urojo: Za baba mkwe. Ukanda ulishakatika.

Bi Mchele: Yarabi! Umekata viatu vya mkweo!

Spana 17: Mkwe mtamalizana. Kandambili ni laini, inabonyea na kutafunika. Halafu maji yetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, chungulia birika lako utaona ule ukoko mweupe. Chokaa hiyo hiyo inaganda kwenye kikalio, raba haikai sawa, wewe unazidi kukaza, shaba inachimbika. Hapo hata raba kumi hazizibi. Fungua, pitisha kidole ndani. Pakiwa laini, raba ya nusu inchi inatosha na elfu 20 yako kairudishe. Pakikwaruza, pasuguliwe, au hapo ndiyo ununue. Usiku unazidi kwa sababu mtaa umelala, nguvu ya maji inapanda.

Karafuu Mbichi: Ngojeni kwanza. Wiki iliyopita huyu huyu alilia hapa kuwa Fuoni kwao siku tisa hakuna maji. Leo nusu ndoo kwa usiku mmoja? Mfereji wa dhahabu, mkwe, kandambili... yakhe, umekaa barazani ukaitunga hii.

Wa Wete: Hata mie nilishangaa. Ila kitambaa cha bibi ni kweli wallahi.

Mla Urojo: Nitunge ili iweje? Ni maji ya tangi la juu, nanunua kwa boza! Ndiyo maana kila tone naliona shilingi.

Spana 17: Sasa ungesema tangi tangu mwanzo. La mtaa kulala halikuhusu basi, tangi lina nguvu ile ile usiku na mchana. Usiku ni masikio yako tu, kimya kimetanda.

Karafuu Mbichi: Leta picha ya hiyo kandambili.

Mla Urojo: Picha baadaye, naanza kazi. Kwanza nafunga wapi, maji yasinimwagikie?

Spana 17: Geti valvu, ile koki ya kuzungusha chini ya tangi. Polepole, isiyoguswa siku nyingi huganda.

Bi Mchele: Na mkweo kamwombe radhi.

Mla Urojo: Spana, upo? Nimeizungusha. Kishikio kimebaki mkononi.