Aliyetoa gari na mafuta ya utafiti, je, ni mwandishi wa makala?

Mtafiti wa Masaka

Wapendwa wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijaituma makala yangu ya kwanza kwenye jarida. Ninasomea uzamili wa afya ya jamii, na nimechunguza jinsi kaya za vijijini karibu na Masaka zinavyoamua wakati wa kumpeleka mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya. Juma lililopita mkuu wa kitengo nilichofanyia kazi aliniita, akataka jina lake liwe la pili, kwa kuwa gari na mafuta vilitoka kwake, ingawa hajasoma hata aya moja. Kwa upande mwingine, dada mmoja aliyetusaidia kukusanya takwimu ndiye aliyegundua kasoro ya hojaji yetu: tulikuwa tumeulizia malaria kwa neno “omusujja”, ambalo kwa Kiganda hubeba homa ya kila namna, hivyo mama akiitikia hatukuweza kujua ameitikia nini. Kwa ushauri wake tukaanza kuuliza dalili, kisha kama mtoto alipimwa damu, na matokeo yetu yote yamesimama juu ya marekebisho hayo. Yeye nimemtaja kwenye shukrani tu, maana hana shahada. Je, nimetenda haki?

Mhariri Msaidizi, Kampala

Ndugu, kosa lako kwa huyo dada ni kubwa kuliko unavyodhani. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ambayo miongozo yake hufuatwa na majarida mengi ya afya, hudai mtu atimize masharti manne kwa pamoja ndipo aitwe mwandishi: awe amechangia kwa uzito wazo au mpango wa utafiti, au upatikanaji, uchambuzi au ufafanuzi wa takwimu, awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Shahada haimo. Kutafuta fedha peke yake, au kusimamia kitengo kwa jumla, hakutoshi, kwa hiyo gari na mafuta mahali pake ni kwenye shukrani, tena baada ya mhusika kuridhia kwa maandishi.

Liko jambo ambalo wengi hulipita haraka: aliyetimiza sharti la kwanza anastahili kupewa nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Huwezi kumnyima mtu rasimu, kisha ukasema hakushiriki kuandika.

Mhadhiri wa Jinja

Hayo ni kweli kwenye karatasi, lakini mwenzetu huyu bado anamhitaji mkuu wake atie saini fomu zake. Miaka kadhaa iliyopita nami niliingiza jina la mkubwa kwa kuona haya. Wahakiki walipotaka maelezo ya takwimu ghafi, aliniambia mbele ya wenzangu kwamba yeye hahusiki na mambo hayo, na barua zote nikazijibu peke yangu.

Kwa hiyo usimkatalie, mpe kazi. Mpelekee rasimu kwa heshima, umwombe aihakiki, na umweleze kwamba kila mwandishi atatia saini kukubali kuwajibika. Tukumbuke makala ya Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 1998, ikizusha hofu kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela: mwaka 2004 waandishi wenzake 10 walilazimika kuikana hadharani tafsiri ya matokeo yake, na mwaka 2010 jarida likaifuta kabisa. Jina likishachapishwa, mwenyewe hutafutwa.

Mhariri Msaidizi, Kampala

Nakubaliana na Mwalimu, ila akisoma na kuihakiki tu bila kuwa na mchango katika utafiti wenyewe, sharti la kwanza bado litakuwa limempita. Tena usitume ukitumaini kurekebisha majina baadaye, kwa sababu mhariri atadai ridhaa ya maandishi ya waandishi wote, akiwemo anayeondolewa. Mkigombana, jarida halitaamua nani ni mwandishi. Litairudisha kesi kwenye taasisi yenu, kama inavyoshauri COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997.

Mtafiti wa Masaka

Nawashukuru sana. Rasimu iko mezani kwa mkuu tangu Jumatatu, pamoja na fomu ya kueleza mchango wa kila mtu, na bado hajasema neno. Dada yetu aliomba nakala ya karatasi, kwa kuwa simu yake haifungui faili vizuri, akairudisha jana ikiwa na alama za kalamu nyekundu. Kwenye jedwali la pili amekizungushia duara kijiji kimoja, akaandika pembeni kwamba siku ile hatukufika huko, kwa sababu mvua ilikuwa imefunga njia. Nimefungua daftari la safari nikakuta ni kweli, na sasa ninalihesabu jedwali lote upya.