Tupeane uzoefu: gemu gani iko mkononi sasa hivi, na imekukwamisha wapi?

PediMbovu (mleta mada)

Wakuu, salamu. Sitaki orodha ya gemu bora za maisha yako. Hizo tumezisoma mpaka basi, na nusu yake watu wanazitaja kwa kukumbuka utoto tu. Nataka ile iliyo ndani ya mashine leo, uliyoizima jana usiku ukisema "kesho". Taja gemu, umefika wapi, kinachokushika na kinachokuudhi.

Naanza mwenyewe. Nacheza Elden Ring. Ndiyo, najua imetoka Februari 2022 na wengi wenu mlishaimaliza; mimi nimeingia juzijuzi. Natoka pangoni, jua zuri, nyasi zinayumba, mbele namwona jamaa juu ya farasi, kavaa dhahabu tupu, anarandaranda. Gemu nilizozoea, adui wa mwanzo anawekwa ili akupe moyo. Nikamfuata. Sikuwahi hata kunyanyua upanga. Nikarudi, akanilaza tena. Nilimrudia mara kumi na nne kabla ya kugundua kwamba hakuna aliyenituma: uwanja ni mpana, unampita kwa mbali na yeye wala hana habari na wewe.

Sasa niko kwa Margit, adui mkubwa anayeziba njia darajani, kabla ya kasri la Stormveil. Wiki ya pili hii. Kinachoniua si nguvu zake, ni subira yake. Ananyanyua fimbo, mimi nabiringita kukwepa, kumbe hajaishusha. Ananingoja nisimame, ndipo inashuka. Na runi zangu zote, yaani ile fedha ya mle ya kununulia vitu na kupandia leveli, ziko pale miguuni pake, maana ukifa unaziacha ulipofia, na ukifa tena kabla hujaziokota ndiyo basi, zimeyeyuka.

Maoni yangu: ulimwengu wake sijaona mfano, lakini maelezo hakuna. Haikwambii popote nenda huku, fanya hivi. Kuna siku naisifu kwa hilo na kuna siku pedi ya kuchezea inanusurika kutupwa ukutani. Karibuni.

MamaMbegu

Haya mleta mada, pole na fimbo. Mimi niko Stardew Valley, mwaka wa pili wa shamba, kiangazi.

Watu wanadhani ni gemu ya kupumzika. Ipumzishe nani? Siku nzima ya mle haifiki robo saa ya huku, na ndani ya hiyo robo saa nimwagilie, nilishe kuku, nishuke mgodini, niwahi duka kabla halijafungwa, halafu nimpelekee mtu zawadi ya siku yake ya kuzaliwa ambayo nimeikumbuka saa kumi jioni. Ikigonga saa nane usiku hujalala, unaanguka hapo hapo ulipo.

Kosa langu la kiangazi cha mwaka wa kwanza nalisema ili wengine wapone. Nilipanda matikiti tarehe 20, shamba zima, mbegu nilizonunua kwa akiba yote. Msimu una siku 28. Tikiti linataka siku 12. Hiyo ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na mimi kazi yangu ya kila siku ni hesabu! Asubuhi ya kwanza ya vuli nikafungua mlango nikakuta makapi makavu, mistari na mistari.

Kinachoniudhi ni kusevu. Kwenye kompyuta yangu inasevu ukilala tu. Mtoto wangu akiamka analia saa sita mchana ya mle, nachagua: niiache imesimama mpaka sijui saa ngapi, au niizime nipoteze siku. Nimeshapoteza siku nyingi. Siku moja kati ya hizo ndiyo niliyovua samaki niliyemtafuta msimu mzima, na uvuvi wa mle wenye kuujua wanaujua: ule mstari wa kijani unaupandisha kumfuata samaki, yeye anashuka, unamfuata chini, yeye yuko juu.

Lakini siiachi. Kila nikikumbuka kwamba picha, muziki, maneno ya wanakijiji wote, kila kitu kimefanywa na mtu mmoja, Eric Barone, miaka zaidi ya minne peke yake mpaka ikatoka 2016, namsamehe hata hiyo kusevu.

Matofali

Mimi Tetris tu, ile ya kupanga matofali yanayoshuka. Msinicheke. Ni ya 1984 na bado inanitoa jasho.

Mlimbikizaji

Hakuna anayecheka mkuu. Mimi nina gemu zaidi ya mia ambazo sijazigusa, nimezinunua zikiwa zimeshushwa bei, na usiku nikikaa nafungua Minecraft ile ile. Jana nimeingia na almasi tisa mfukoni, nikachimba kwenda chini moja kwa moja. Tope la moto. Miaka yote hii na bado nachimba chini ya miguu yangu. Sina maoni, nina msiba.

(Halafu kile kijani kinacholipuka, mnajua kilitokana na kosa? Mtengenezaji alikuwa anaunda nguruwe akachanganya urefu na kimo. Nusu ya nyumba zangu zimebomolewa na nguruwe aliyekosewa.)

Matofali

Basi acha niongeze, kwa kuwa hamkucheka. Nacheza lile toleo la zamani la NES, mashine ya gemu ya Nintendo. Kwa miaka mingi watu waliamini leveli ya 29 ndiyo mwisho, kwa sababu matofali yanashuka kasi kuliko kidole kinavyoweza kubofya. Halafu wachezaji wakagundua njia: dole gumba linakaa juu ya kitufe, na vidole vya mkono mwingine vinapiga mgongo wa pedi kama anayepiga ngoma. Leveli ya 29 ikawa njia tu. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 akafika leveli ya 157 na gemu yenyewe ikaganda. Wa kwanza kuishinda mpaka ikakata roho.

Mimi rekodi yangu ni leveli ya 18. Ninajifunza kupiga huo mgongo wa pedi, na kwa sasa vidole vinapishana kama watu mlangoni. Kinachonishika ni kwamba kila kosa ni langu. Hakuna bosi wa kumlaumu. Kale katundu nilikokaacha mwenyewe, dakika mbili zilizopita, ndiko kanakonizika.

WingaTeleza

Naona hakuna mtu wa mpira hapa, au mnajificha? Nacheza gemu ya mpira, jina naliweka kapuni kwa sababu nitakayosema si mazuri. Nilikuwa upande wa onlaini, ule wa kufungua pakiti za kadi upate wachezaji. Unafungua, taa zinawaka, moyo unadunda, anatoka beki wa akiba. Unafungua nyingine. Siku niliyokaa kujumlisha nilichotumia kwa miezi mitatu nilifunga simu nikaenda kutembea. Sikumwambia mtu nyumbani, ninyi ndio wa kwanza. Ubelgiji mwaka 2018 walisema wazi kwamba masanduku ya namna hii kwenye baadhi ya gemu ni kamari na yanavunja sheria yao. Nilipolisoma nilijiona nimechelewa.

Sasa nacheza upande wa kocha, nje ya mtandao. Nimechukua timu ya daraja la chini kabisa, kipa wangu ana miaka 38. Hakuna pakiti. Vijana wawili nimewatoa akademia nikawakuza mwenyewe, na mmoja, winga wa kushoto, alifunga dakika ya 90 tukapanda daraja. Nimesimama sebuleni peke yangu nimenyoosha mikono. Hisia hiyo hakuna kadi iliyowahi kunipa.

KopaTupu

Winga, umenigusa, maana mimi niko kwenye Balatro na kila mtu nyumbani anadhani nacheza kamari. Hakuna hela inayowekwa mle ndani, ni karata na hesabu tu. Hata wanaopanga umri wa gemu Ulaya walijichanganya: waliiwekea 18, mwaka 2025 wakaishusha mpaka 12.

Ilivyo ni hivi. Unatoa mkono wa karata, jozi kwa mfano, inakupa pointi 10 mara 2, na juu yake thamani ya karata zenyewe. Mwanzo unatakiwa kufika 300, kitu chepesi. Bosi wa mwisho anataka 100,000. Kutoka hapo mpaka pale kinachokubeba ni majokeri, yako 150 na nafasi unazo tano tu, na kila mmoja anavunja sheria kwa namna yake: huyu anazidisha, huyu anaongeza ukitupa karata, huyu anamwiga jirani yake. Raha yote iko kwenye kuwapanga mpaka jozi moja ya kijinga inaleta elfu themanini na skrini inawaka moto.

Juzi nilijenga mkono mzima wa kopa. Nimechoma karata nyingine zote, majokeri yangu yote yanalipa kwa kopa. Nafika kwa bosi, nasoma sharti lake: kopa hazihesabiki. Nilikaa kimya nikatazama ukuta. Ndiyo asili ya jina langu hapa, nilikuwa na jingine.

Kuudhi? Inaniibia usingizi. Raundi moja nzima ni kama dakika arobaini na ikiisha kitufe cha kuanza upya kiko pale pale chini ya kidole. Nani aliweka kitufe pale!

MkonoMmoja

Nina neno kwa mleta mada, na nitawaudhi wengine. Mkono wangu wa kulia ulipata ajali, vidole viwili havifanyi kazi vizuri na vikichoka vinatetemeka. Elden Ring niliijaribu siku tatu nikaiacha. Haina sehemu ya kupunguza ugumu, na nikiuliza mahali popote naambiwa "vumilia, utazoea." Vidole havizoei, ndugu zangu.

Sasa hivi niko Celeste, ya 2018. Ni gemu ngumu, msidanganyike na picha zake ndogo: msichana anapanda mlima na kila mwamba una miiba. Lakini ina sehemu ya msaada. Unapunguza kasi ya gemu nzima kidogo kidogo mpaka nusu, unaweza kujipa nguvu zisizoisha za kushika ukuta, ukitaka hata usife. Mimi naiweka asilimia 80. Hiyo tu. Nadondoka mara mia mbili kama nyinyi, ila nadondoka kwa makosa yangu, si ya mishipa. Niko karibu na kilele.

UpangaMrefu

Pole sana mkuu, ila kwenye hili tutapishana. Elden Ring ukiiwekea kitufe cha urahisi inakuwa gemu nyingine. Uzuri wake ni kwamba tukisema "Margit" hapa wote tumepigwa fimbo ile ile. Halafu ugumu unapunguzika humo humo ndani: kuna mizimu ya kuita ikusaidie, kuna uchawi wa mbali, kuna kuita wachezaji wengine.

MkonoMmoja

Mizimu hainibiringitishii. Na mtu akicheza kwa kasi ya 80 nyumbani kwake, wewe fimbo yako imepungua uzito?

UpangaMrefu

Hapo umenibana. Niache nifikirie.

WaPiliWangu

Mnagombana vizuri. Sisi tunacheza It Takes Two, mimi na mume wangu, na hii huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Ni mke na mume wanaotaka kuachana wanageuka vidoli, na ili watoke lazima washirikiane. Mimi nashika nyundo, yeye misumari: anarusha msumari ukutani, mimi naning'inia kwa nyundo nivuke, kisha namfungulia njia.

Mume wangu hajawahi kushika pedi maisha yake. Wiki ya kwanza kamera yake ilikuwa inatazama dari. Nilikuwa napiga kelele "ruka! ruka!" naye anaruka, sehemu nyingine kabisa. Siku ya tatu aliweka pedi mezani akasema kwa upole, "Sauti hiyo unayoitumia, ndiyo unayoitumia ukinifundisha kila kitu." Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo anayekwama ndiye anayeomba msaada, mwenzake hasemi kitu mpaka aombwe. Sasa ananishinda kwenye vile vimichezo vidogo vya pembeni, na ananikumbusha.

Kuna kipande cha tembo wa kitambaa. Waliocheza wanajua. Tuliizima, hatukuongea, tukaenda kulala.

MamaMbegu

Dada, huyo tembo sitamsahau mpaka kesho. Na shemeji mpe heshima yake.

PediMbovu

Wakuu, nimerudi na ripoti. Mkuu UpangaMrefu alinipa siri faraghani: achana na Margit, geuka nyuma. Nikashuka kusini, rasi ya Weeping, wiki nzima sijamtazama. Nimechimba mawe ya kunolea, upanga umepanda, nimepata leveli kadhaa, nimekutana na simba mtu kwenye kasri la huko akanitoa jasho nami nikamtoa roho. Leo nimerudi darajani. Fimbo ikanyanyuka, sikubiringita. Nikasubiri. Ikaanza kushuka, ndipo nikabiringita. Jaribio la pili kalala!

Mkuu MkonoMmoja, nimekufikiria kule. Huo muda wa kusubiri fimbo ni mdogo mno, na ukipanuliwa kwa mtu anayeuhitaji mimi sioni ushindi wangu ukipungua hata chembe.

Basi nikaingia kasri. Kuna jamaa mmoja langoni, mnyenyekevu, akaninong'oneza nisipite mlango mkuu, una ulinzi mkali, kuna tundu pembeni. Sura yake sikuiamini. Nikamwambia afungue mlango mkuu.

Mishale mikubwa kama miti, wakuu. Hatua sita.

UpangaMrefu

Hahaha! Jamaa alikwambia kweli. Ila kwa kutomwamini hujakosea: kila ukifa humo ndani, hesabu runi zako.