Tupeane uzoefu: taa ya injini imewaka kwa ajili ya mvuke wa petroli, wewe ulifanyaje?

Mzee wa Spana (Dallas)
Wakuu, nafungua uzi huu kwa wale waliowahi kusumbuliwa na kodi za P0440 na jamaa zake (namba za hitilafu zinazotolewa na kompyuta ya gari, hizi za mfumo wa mvuke wa petroli, siyo kodi za TRA). Gari linaenda vizuri, halichemki, ila taa ya injini haizimi, na huku kwetu ukaguzi haupiti ikiwa inawaka.

Naanza na yangu. Skana, kile kifaa cha kusoma kodi, ilinipa P0441 (mvuke haunyonywi inavyotakiwa) na P0455. Ya pili maana yake mvuke unavuja pahali pakubwa, kwa hiyo nikafanya kama kila mtu: nikanunua mfuniko mpya wa tanki, nikafuta kodi, nikajipongeza. Siku ya nne taa ikarudi.

Kumbe dalili nilikuwa nayo siku zote nikaipuuza. Kila nikitoka kujaza mafuta, gari linagoma kuwaka, mpaka nikanyage mafuta ndiyo linaamka kwa kukohoa. Jumamosi nikafungua boneti asubuhi, injini baridi, nikaiwasha. Nikachomoa ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kanista ya mkaa (kopo linaloshika mvuke wa tanki) kuja kwenye valvu inayoruhusu injini kuunyonya mvuke huo, nikaweka kidole kwenye mdomo wa valvu. Kikanaswa! Injini ikiwa baridi valvu hiyo inatakiwa iwe imefunga. Yangu ilikuwa imekwama wazi, inanyonya mvuke wa tanki muda wote, ndiyo maana nikijaza mafuta injini inazidiwa. Nikaibadilisha: soketi moja, mipira miwili, bolti moja. Dakika kumi na tano, nyingi nilizitumia kutafuta bolti iliyodondoka.

Haya, leteni zenu.

Mama Theluji (Minneapolis)
Mimi P0456, ile ya tundu dogo kabisa, kama nusu milimita. Mwaka mzima! Mfuniko nilibadilisha mara mbili. Mwisho nikalipia garage wapulize moshi kwenye mfumo, hiyo tu, nikawaambia kutengeneza nitatengeneza mwenyewe. Moshi ukatokea nyuma ya tairi la nyuma, kwenye shingo ya bomba la kujazia mafuta, chini ya kibanio, penye kutu ambayo usingeiona bila kulala chini. Chumvi ya barabarani ya huku inakula chuma kama mchwa. Nikanunua bomba jipya, mume wangu akashika tochi na kutoa ushauri ambao sikuuomba.

Na jamani, msipulize tanki kwa kompresa ya tairi. Mfumo huu hupimwa kwa presha ndogo mno. Ukiusukuma kwa nguvu unapasua vitu vilivyokuwa vizima. Na zile mashine za moshi za kujitengenezea, za kopo na waya wa moto, pembeni ya petroli, mimi simo.

Kigamboni Kwetu
Huku Dar gari langu la Japani halikuwasha taa yoyote. Harufu tu, hasa likilala juani. Chanzo mimi mwenyewe: sheli pampu ikikata, namwambia kijana "ongezea ifike elfu hamsini kamili." Kumbe ile ya kuongezea inasukuma petroli yenyewe mpaka kwenye kanista, na ule mkaa umewekwa kushika mvuke, siyo mafuta ya maji. Fundi wa kwanza akakata mpira akauziba kwa bolti. Harufu ikazidi. Nilinunua kanista ya mtumba, na sasa pampu ikikata, imekata.

Nyigu Mkorofi (North Carolina)
Yangu kichekesho. P0446, ile ya njia ya kupumulia ya mfumo, na pampu ya sheli ilikuwa inakata kila baada ya sekunde tatu, najaza tanki kama namnywesha mtoto dawa. Nikaingia chini nikafuata mpira wa kupumulia kutoka kwenye kanista. Mwisho wake umezibwa na udongo mkavu. Nyigu kajenga! Nikautoa kwa bisibisi, nikapulizia upepo mpira ukiwa nimeuchomoa. Sikununua kitu.

Mama Theluji
@Nyigu, hauko peke yako. Mwaka 2011 Mazda waliita magari kama 65,000 ya Mazda6 hapa Amerika ya Kaskazini yarudi kurekebishwa kwa sababu ya buibui waliokuwa wanafuma utando kwenye mpira huohuo.

Kigamboni Kwetu
Buibui anafuata nini kwenye petroli jamani 😂

Mzee wa Spana
Harufu ndiyo inawavuta, wanasema. Mrejesho wangu: msikimbilie ukaguzi siku mliyofuta kodi, nimefukuzwa. Gari linakuwa halijajipima upya. Langu linataka lilale lipoe, na mafuta yasiwe kidogo sana wala tanki kujaa. Jana nimeliacha nusu tanki. Sasa hivi nakunywa chai, halafu nashuka na skana.