Mjadala: Muziki wa surf una undugu na Asia Kusini, au masikio yanatudanganya?

Wakuu, surf ni muziki wa gita la umeme wa vijana wacheza mawimbi wa California. Kila "Misirlou" ya mpiga gita Dick Dale (1962) inapopigwa, hakosi mtu wa kusema "hiyo ni raga", yaani mpangilio wa noti wa muziki wa jadi wa India. Wengine nao wanaziita bendi za Pakistan za miaka ya 1960 "surf ya Karachi". Undugu huu upo kweli? Hoja zije na ushahidi, matusi yabaki nyumbani.

MPENDA RAGA: Upo, tena uko wazi. Shika gita, piga waya mnene wa E, freti (vyuma vya shingoni) 0, 1, 4, 5, 7, 8, 11, 12; 0 ni waya usiobanwa. Hizo ndizo noti za Misirlou, na ndizo noti za raga ya Bhairav, hakuna iliyozidi wala kupungua. Kusini mwa India huiita Mayamalavagowla, na mwanafunzi wa muziki huanzishiwa hiyo. Mnataka nini tena?

FUNDI AMPLI: Tunataka ushahidi, mkuu. Noti nane hazitoshi. Misirlou ni wimbo wa mashariki ya Mediterania, uliorekodiwa kwa Kigiriki tangu 1927. Dale, mwenye asili ya Lebanon kwa baba, aliupata upande huo. Skeli hiyo (ngazi ya noti) Waarabu wanaiita Hijaz Kar. Wapiga udi wa taarab wanaijua bila kupitia India.

Halafu raga si skeli tu. Kwenye Bhairav, noti ya freti ya 1 na ile ya 8 hazitulii, zinayumbishwa polepole. Jaribu kuyumbisha freti ya 1: iko karibu mno na kichwa cha gita, waya umekaza, haupindi. Hamia waya wa A, freti ya 7 na 8, zilipo noti zilezile za freti 0 na 1, hapo utaweza, ila kwa nyuzi nyembamba. Dale alifunga nyuzi nene ajabu, kuanzia karibu inchi 0.016. Waya kama huo huuvuti, unaugonga tu, juu-chini kwa kasi. Mkono ule ni wa mpiga tarabuka, ngoma ya Kiarabu.

MKUSANYA SANTURI: Nyote mnatazama upande mmoja. Geuzeni swali: Asia Kusini ilipokea nini? Vijana wa Karachi na Bombay walikua na santuri za The Shadows wa Uingereza na The Ventures wa Marekani. (The Shadows walikuwa bendi ya Cliff Richard, na Cliff alizaliwa Lucknow, 1940. Msijenge nadharia hapo.) The Panthers na The Mods wa Pakistan walichukua mtindo ule wa ala tupu, wakautia nyimbo za kienyeji na kinanda cha umeme. Jina "surf" tumewabandika sisi wakusanyaji.

MPENDA RAGA: Na gita la Hawaii je? Mwanamuziki Tau Moe na familia yake walikaa Calcutta miaka ya 1940, wakalieneza. Baadaye mpiga gita wa India Brij Bhushan Kabra akaliingiza kwenye raga, msikilize katika albamu "Call of the Valley" (1967). Hawaii ndiko mchezo wa mawimbi ulikotoka!

MKUSANYA SANTURI: Ubao ulitoka Hawaii, sawa. Muziki wa surf ulizaliwa kusini mwa California, na gita lake hubanwa kwa vidole. La Calcutta linalazwa, linatelezeshwa chuma. Hapo mna babu mmoja wa mbali, basi.

FUNDI AMPLI: Anayetaka kupima mwenyewe asianze na skeli, aanze na mwangwi. Fender, watengeneza magita, walitoa kisanduku chao cha mwangwi wa springi 1961, na ndicho kilichoipa surf ile sauti iliyolowa. The Shadows walitumia mwangwi wa tepu. Tafuta mahali gita linaponyamaza ghafla. Ukisikia noti ileile ikirudi mara mbili tatu kwa nafasi sawa, hiyo ni tepu. Ukisikia mtikisiko mmoja unaomwagika kisha kukauka, hiyo ni springi. Na ukipiga Bhairav kwenye springi, teremsha kitufe cha Dwell, kinachopima nguvu ya sauti inayoingia kwenye springi. Kikiwa juu, E na F (freti 0 na 1) zinagongana na raga yako inakuwa kelele.

MPENDA RAGA: Nimekuelewa kwenye mwangwi. Kwenye noti bado sijasalimu amri. Nani ana santuri ya Lahore yenye springi?